Dakika Kumi na Moja za Mwalimu Ngailo

Siku Mwalimu Ngailo alipovunja rekodi ya taifa ya kuendesha fuko, alikuwa amekuja kuifunga klabu.

Alifika Jumamosi saa nne asubuhi, wakati wa usafi wa jumla, fimbo kwapani na daftari la watoro mkononi. Shule ya Wasichana ya Mlimabaridi ilikuwa na walimu ishirini na sita, ukungu wa miezi tisa kwa mwaka, na hofu moja tu. Hofu hiyo ndiyo iliyosimama sasa mlangoni mwa chumba cha kompyuta. Ilisemekana kwamba msichana akikohoa kwa dharau bwenini, Ngailo, mwalimu wa nidhamu, hata akiwa mjini kwenye harusi, huomba radhi, hutoa kalamu na kuandika jina.

"Wenzenu wanafyeka," alisema. "Ninyi mnafyeka nini humu?"

Wasichana wawili walisimama kama wimbo wa taifa umepigwa. Wa kwanza alikuwa Subilaga Mwakapesa wa kidato cha tano, mwenyekiti wa Klabu ya Fuko. Wa pili alikuwa Kokushima, katibu wake, msichana mwenye adabu zote isipokuwa uwezo wa kuzuia kicheko.

"Shikamoo, Mwalimu," walisema pamoja.

"Marahaba. Nimeuliza mnafyeka nini."

"Tunafyeka tope, Mwalimu," alisema Subilaga.

Na kweli, kwenye skrini alikuwepo fuko amesimama mdomoni mwa handaki, akisubiri. Hakuna mtu nchini asiyemjua fuko. Umeme wote ulitoka kwenye mabwawa ya milimani, na mahandaki ya mabwawa yalijaa tope kila siku iendayo kwa Mungu. Fuko, mashine yenye ukubwa wa nyati na mikono miwili ya chuma, aliingia humo akalichota. Dereva wake alikuwa mbali, sebuleni kwake, amevaa miwani ya handaki na kushika vishikio viwili. Shirika la Mahandaki liliigawia kila sekondari mchezo wa fuko uliochorwa kwa kufuata handaki la kweli, mwamba kwa mwamba. Muda wa mchezaji mwenye kasi kuliko wote uliwekwa kwenye ubao wa taifa, ukaitwa mwendo wa kiwango, na madereva wa kweli wakapimwa kwa huo. Shirika liliona hesabu hiyo ni ya haki tupu: anachoweza mtoto kwa kucheza, mtu mzima atakishindwaje kwa mshahara?

Klabu ya Mlimabaridi, hata hivyo, haikuwa ikicheza. Kucheza ni kwa watu wanaotegemea mikono. Klabu ilikuwa ikitunga. Kwa likizo mbili Subilaga alikuwa ameandika programu iliyoitwa Kinyonga, kwa heshima ya mnyama asiyeinua mguu kabla ya kufikiri. Mchezo ule ulionyesha picha sitini kwa kila sekunde, na Kinyonga aliweza kuusimamisha baina ya picha na picha. Mtunzi akachagua kishikio kifanye nini katika picha hiyo moja, akasogea picha moja, akatazama. Asiporidhika, alirudisha dunia nyuma na kujaribu tena. Mwisho Kinyonga aliyacheza machaguo yote kwa mfululizo, na fuko akapita handakini kama maji ya moto kwenye barafu, jambo ambalo hakuna kiumbe mwenye vidole kumi angeliweza.

Haya si udanganyifu, mradi yatangazwe. Katiba ya klabu ilikuwa na ibara moja tu: mkimbio wowote wa Kinyonga uwe na picha ya kinyonga wa kijani kwenye pembe ya skrini, tangu mwanzo hadi mwisho, ili mtu asije akadhani utunzi ni mikono.

Asubuhi ile kinyonga wa kijani hakuwepo pembeni. Subilaga alikuwa amemzima alipoiona fimbo ikipita dirishani.

"Mwalimu ana haki ya kutufunga," alisema, uso umenyooka kama wa shemasi. "Ila itakuwa vizuri ukiandika kwenye ripoti kwamba ulikagua kwa mikono yako. Jaribu mara moja tu."

Kokushima aligeuka ghafla na kuanza kufuta vumbi ambalo halikuwepo.

Mwalimu Ngailo, ambaye huchukua dakika nne kuwasha projekta na nyingine tatu kuilaumu, aliketi, akafunguliwa akaunti ya walimu kwa jina lake, akavishika vishikio kama mtu anayeshika kuku wa jirani. Subilaga akabonyeza kitufe kimoja nyuma ya kiti, na Kinyonga akaanza kucheza.

Fuko alitikisa mkono wa kulia mara mbili, akaruka. Alizama kwenye tope, akalikata, akalitupa, akajipinda kwenye kona ya kwanza bila kugusa ukuta.

"Anaitika!" alisema Mwalimu.

"Kushoto kidogo, Mwalimu."

Mwalimu alivuta kulia. Fuko akaenda kushoto.

"Umeona? Kichwa kilitaka kulia, lakini mkono wenyewe umejua." Jasho lilimtoka. "Bibi yangu alisema nikiwa mdogo. Alisema huyu mtoto ana mikono ya daktari."

Kokushima alitoka nje. Walimsikia akikohoa, kikohozi cha mtu anayekufa kwa furaha.

Dakika kumi na moja na sekunde arobaini na mbili. Rekodi ya taifa ilikuwa dakika kumi na sita na sekunde arobaini. Mwalimu Ngailo aliitazama mikono yake, upande huu na upande ule, kama vile ameiazima kwa mtu mashuhuri. Subilaga alifungua mdomo, maana hapo ndipo utani ulipangwa kufikia kilele na kwisha. Lakini skrini iliuliza, TUMA?, na kabla hajasema neno, kidole cha mwalimu kilikuwa kimekwisha jibu.

Mikimbio ya wanafunzi hukaguliwa na wakaguzi watatu wa Shirika, tena kwa kamera inayoonyesha vidole. Akaunti za walimu hazikaguliwi. Shirika liliamini walimu hawadanganyi, na kwa huyu lilikuwa sahihi kabisa.

*

Mambo mema huja na mabaya yake kwapani. Jumatatu mstarini, Mkuu wa Shule alitangaza kwamba Mlimabaridi imeshika nafasi ya kwanza nchini. Klabu haikufungwa, iliongezewa saa mbili. Mwalimu Ngailo alianza kuvaa glovu za sufu ili kutunza mikono, na alipotaka kuchapa alimwita mwalimu mwingine amsaidie. Wasichana mia nne waliishi siku kumi na nne za amani isiyo na mfano katika historia ya shule hiyo. Subilaga aliandika jambo hilo kwenye daftari lake kama mafanikio ya kiutawala.

Jumapili ya pili, baada ya ibada, ilifika zamu yake kwenye foleni ya simu. Alimpigia mama yake mdogo, Atupele, aliyemlea tangu darasa la pili, na ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa dereva wa fuko wa bwawa la Mbakilo.

"Mama mdogo, shikamoo."

"Marahaba, Subi. Sema haraka, vidole vimevimba, simu naishika kwa bega."

"Vimevimba na nini?"

"Na huyo mwalimu wenu. Si yupo huko kwenu, Ngailo?"

Kicheko kilimpanda Subilaga kooni kama soda iliyotikiswa. "Yupo."

"Mwambie nimemlaani. Yeye na vizazi vyake, mpaka mbuzi wake." Mama mdogo alivuta pumzi. "Nilikuwa nasafisha handaki kwa dakika kumi na tisa, watu wananiita malkia. Ruhusa ni mwendo wa kiwango na nusu yake. Zamani nilikuwa na dakika ishirini na tano. Sasa wametupa kumi na saba na kidogo. Kila Ijumaa alasiri ni ukaguzi, na kila Ijumaa napigiwa kengele. Ninazo mbili, Subi. Ya tatu ikilia, navua miwani."

Soda ilishuka yote. "Wanakuondoa?"

"Huku Tukuyu madereva wote wataondolewa. Mama Tegemea alikuwa na moja ya zamani, amevua juzi. Miaka kumi na minne handakini, akatoka na mfuko wa plastiki."

"Huwezi kuongeza mwendo kidogo?" Aliuliza, na papo hapo alitamani ulimi wake uwe wa mtu mwingine.

"Nimeongeza! Nilifika kumi na nane, nikamgongesha fuko ubavu. Vijana wawili wa matengenezo wakaingia kwa miguu kumvuta, maji yanapita magotini, miamba inadondoka. Nimekaa sebuleni na miwani nawaona wanainama chini ya jiwe, nalia kama mtoto. Hapo nikaapa. Bora wanitoe." Simu ilikwaruza, ikihamia bega la pili. "Huyo mwalimu anafanyaje, hebu niambie? Ana mikono mingapi?"

Nyuma ya Subilaga foleni ilinung'unika. Dada mkuu aligonga saa yake.

"Ijumaa hii ndiyo ya tatu?" aliuliza Subilaga.

"Ndiyo hii hii."

*

"Tuandike barua isiyo na jina," alisema Kokushima. Walikuwa nyuma ya jiko, wanachambua maharage ya shule nzima, adhabu ya mtu mwingine waliyoiomba ili wapate faragha.

"Nimeshaandika. Nimetuma tatu." Subilaga alitupa jiwe pembeni. "Mashine yao imejibu zote sawa: malalamiko kuhusu muda hupokelewa kutoka kwa mwenye muda."

"Basi tumempata mwenye muda. Nenda kamwambie Ngailo kwamba wewe ndiye ulikuwa mikono yake. Mimi nitakuandalia sanda."

"Koku."

"Nisikilize kwanza. Wewe uko kwenye orodha ya vipaji ya Shirika. Wasichana sita tu nchi nzima. Mwakani Chuo cha Mahandaki, uhandisi, unatunga fuko wapya wenye akili kuliko hawa. Ukisema leo, wanakufuta. Ukinyamaza mwaka mmoja, unaingia ndani na kuirekebisha hesabu yao yote, si ya mama yako mdogo peke yake. Nani atasaidia watu wengi zaidi?"

Lilikuwa swali zuri, na Subilaga alimchukia rafiki yake kwa muda kwa sababu ya uzuri wa swali hilo. Alilichambua pamoja na maharage. Mwaka mmoja ni Ijumaa hamsini na mbili. Kila Ijumaa kuna watu wanaoinama chini ya jiwe kumvuta fuko wa mtu aliyekuwa akifukuzia muda wa Mwalimu Ngailo, muda ambao haupo.

"Katiba yetu ina ibara moja," alisema mwishowe. "Moja, Koku. Na mwenyekiti ameshindwa kuishika hiyo moja."

Akainuka, akajifuta mikono, akaenda ofisini kwa mwalimu wa nidhamu kwa hiari yake. Kumbukumbu za Mlimabaridi hazionyeshi mwanafunzi mwingine aliyewahi kufanya hivyo.

Alimkuta Mwalimu amekaa mbele ya kompyuta ya ofisi, glovu mezani. Alieleza yote, tangu fimbo dirishani na kitufe nyuma ya kiti hadi kengele za Mama mdogo kule Mbakilo, kwa sauti moja, bila kukata sentensi, maana alijua akisimama hataanza tena.

Mwalimu hakuinua fimbo. Hilo lilimtisha zaidi.

"Nimejaribu tena tangu Jumanne," alisema. "Kila jioni ya masomo ya ziada. Mara tisa. Nimegonga ukuta hata pale ambapo hakuna ukuta." Aligeuza skrini kidogo ili isionekane. "Nilidhani ni baridi. Nikanunua glovu nyingine."

"Mwalimu, naomba uwaandikie Shirika."

"Binti yangu amenipigia. Yuko ng'ambo, miaka mitatu hajanipigia ila kwa kuniuliza nimekula. Juzi aliniita bingwa." Alikohoa. "Ijumaa asubuhi Mhandisi wa Shirika anakuja kunipa cheti. Nitasema nimeteguka kifundo cha mkono. Yatapita."

"Hayatapita Mbakilo, Mwalimu."

"Subilaga!" Hapo ndipo sauti ya zamani iliporudi. "Ukisimama pale Ijumaa ukasema hayo, utakwenda nyumbani na barua. Ukikaa kimya, sijui chochote na hujui chochote. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mwalimu."

"Na utafanya nini?"

"Nitasimama, Mwalimu. Nimekuja ili usishtuke."

*

Mhandisi Hiari Shemdoe wa Shirika la Mahandaki alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vya tope halisi na haraka ya mtu aliyeacha kazi mahali. Ukumbi ulijaa. Kwenye ukuta, skrini kubwa iliwaonyesha madereva wa Mbakilo walioalikwa kushuhudia: nyuso kumi na mbili, kila moja kwenye sebule yake. Uso wa Mama mdogo Atupele ulikuwa wa tatu kutoka kushoto, umenuna kwa juhudi.

Mwalimu Ngailo alikuwa amefunga bandeji mkononi. Ilikuwa bandeji nzuri, ya kuaminika. Mhandisi alipomwita aonyeshe mkimbio wake, alianza kusimama, akiwa ameandaa sentensi kuhusu kifundo.

Subilaga alisimama kwanza.

"Mhandisi, shikamoo. Mwalimu hakuendesha. Niliendesha mimi, na mimi pia sikuendesha. Naomba dakika kumi na moja na sekunde arobaini na mbili."

Ukumbi ulivuta pumzi kwa pamoja. Mhandisi alimtazama, akatazama saa yake. "Endelea."

Subilaga aliviweka vishikio viwili mezani, mahali ambapo kila mtu aliviona. Akaweka mikono kichwani, kama mtu aliyekamatwa. Kokushima, aliyeapa asubuhi hiyo kwamba hahusiki, alibonyeza kitufe. Fuko akaruka. Kwenye pembe ya skrini, kinyonga wa kijani akatembea taratibu, na ukumbi mzima ukatazama fuko akicheza ngoma handakini huku vishikio vimelala kama samaki wawili sahanini. Kwenye kona ya tano dereva mmoja mzee wa Mbakilo alisema, "Mama yangu."

Ilipokwisha, sauti moja ilitoka ukutani.

"Subi! Kwa hiyo kengele zangu ulikuwa unanipigia wewe?"

"Ndiyo, Mama mdogo."

"Ukija nyumbani tutaongea."

"Ndiyo, Mama mdogo."

Mhandisi Shemdoe hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameikaribia skrini, macho yakimetameta, na Subilaga aliona jambo ambalo katika wiki nzima ya kujitayarisha hakulifikiria hata mara moja.

"Programu hii imeendesha yenyewe," alisema Mhandisi polepole. "Dakika kumi na moja. Bila mtu." Akageukia zile nyuso kumi na mbili, si kwa ubaya, ila kama mtu anayehesabu viti. "Sasa madereva tunawahitaji wa nini?"

Kwenye sebule kumi na mbili hakuna aliyepepesa jicho. Subilaga alikuwa amekuja kuzima moto na kumbe amebeba petroli. Alitamani kuketi, na ndiyo sababu hakuketi.

"Mhandisi, Mbakilo kuna fuko wangapi?"

"Sita."

"Mimi nimetumia elfu arobaini na moja, mia mbili na sita."

Akafungua ukurasa wa nyuma wa Kinyonga, ule ambao watazamaji hawaonyeshwi, na hesabu ikaonekana: mara alizorudisha mchezo nyuma. 41,206.

"Kila moja ni fuko aliyegonga, au aliyezama, au aliyeangukiwa. Mnaona huyu mmoja aliyefika. Wale wengine nimewafukia mimi." Akagusa skrini kwa kidole. "Kona ya tatu kuna jiwe linalodondoka. Kwenye mchezo, jiwe linafuata hesabu, na hesabu inasikiliza vishikio. Nilijaribu siku nne mpaka nikagundua kwamba fuko akitikisa mkono wa kulia mara mbili kabla ya kuondoka, jiwe halidondoki. Ndiyo maana pale mwanzo anatikisa. Si mbwembwe. Lakini jiwe la Mbakilo halijui kama umetikisa mkono. Handaki la kweli halirudishwi nyuma hata picha moja. Kinyonga hajui kuendesha, Mhandisi. Anajua kukumbuka."

"Mimi kona ya tatu nasimama," alisema Mama mdogo kutoka ukutani. "Nasikiliza. Ukisikia changarawe inamwagika, unangoja. Hiyo ndiyo dakika mbili mnazonidai."

Mhandisi aliirudia ile namba. Akatazama viatu vyake, na huenda alikumbuka tope lilikotoka.

"Sawa," alisema. "Nimeelewa. Lakini muda huu siwezi kuufuta mimi. Kanuni inasema muda unafutwa na mwenye akaunti tu, kwa kutuma mwingine mahali pake, mikono ikionekana kwenye kamera. Bila hivyo unabaki, na ukaguzi ni leo saa nane."

Macho ya watu mia nne na zaidi yaligeuka kwa wakati mmoja.

Mwalimu Ngailo alikuwa bado amesimama nusu, kama mtu aliyesahauliwa kwenye picha. Aliutazama mkono wake. Kisha, mbele ya shule nzima iliyomwogopa kwa miaka tisa, alianza kuifungua bandeji. Ilikuwa ndefu. Aliifungua yote, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni, akaenda mezani na kuketi.

"Kamera iko wapi?" aliuliza.

Alianza. Alipiga ukuta kabla ya kuingia handakini, jambo ambalo Mhandisi alisema hajawahi kuliona. Safu za nyuma zikaanza kucheka, na Subilaga, ambaye kwa miaka mitano angelipa chochote aone kitu kama hiki, aligeuka akaziambia zinyamaze, kwa sauti aliyoiazima kwa mwalimu mwenyewe. Zikanyamaza.

"Punguza, Mwalimu," alisema Mama mdogo Atupele. "Huyo si ng'ombe. Vuta kidogo, achia. Vuta, achia."

"Nimevuta!"

"Umevuta cha kulia. Cha kushoto!"

"Kushoto kwangu au kwake?"

"Una kushoto ngapi, baba? Haya, sasa simama. Simama! Sikiliza."

Ukumbi mzima ulisikiliza. Changarawe ilimwagika ndani ya spika, kisha jiwe likaanguka, zito, mbele ya pua ya fuko.

"Umeona? Sasa pita."

"Asante, mama," alisema Mwalimu Ngailo, na akapita.

Kufika dakika ya thelathini, madereva wote kumi na wawili walikuwa wakimwelekeza kwa pamoja na wakigombana wenyewe kwa wenyewe. Kufika ya arobaini na tano, jasho lilikuwa limemlowesha mgongo na hakuwa akimwuliza tena mtu yeyote. Kengele ya chakula ililia, na hakuna aliyetoka. Alimaliza kwa dakika hamsini na tatu na sekunde kumi, akiwa amemkwangua fuko pande zote, lakini fuko alikuwa mzima na handaki lilikuwa safi.

TUMA?

Safari hii kidole kilikaa hewani kwa muda. Kisha kilishuka.

Kwenye ubao wa taifa, jina la Ngailo liliporomoka kutoka juu kabisa mpaka likapita mwisho wa skrini, likabidi litafutwe. Nafasi ya mia nne na kumi na mbili, kati ya shule mia nne na kumi na mbili. Mahali pake pa zamani pakarudi dakika kumi na sita na sekunde arobaini. Sebuleni Mbakilo mtu alipiga kigelegele kimoja kifupi, akajizuia.

Mhandisi alifungua kompyuta yake. "Mwakapesa, Subilaga. Uko kwenye orodha ya vipaji." Alikuwa na uso wa mtu asiyependa anachofanya na atakifanya. "Aliyewasilisha utunzi bila kuutangaza huondolewa. Hakuna nafasi ya rufaa."

"Ondoa," alisema Subilaga. "Ila naomba pale kwenye sababu uandike ile namba yote."

Mhandisi aliiandika yote.

"Na Mama Tegemea, aliyevua miwani juzi?" Subilaga aliuliza. "Alivuliwa kwa muda ambao haukuwepo."

"Hilo linahitaji barua."

"Nina wiki kadhaa za nafasi. Nitaiandika."

Mwalimu Ngailo alikuwa akinyoosha vidole, kimoja kimoja. "Wiki tatu nyumbani," alisema bila kumtazama. "Barua yako iko tayari ofisini tangu jana. Tarehe tu ndiyo haijajazwa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nitakusindikiza mpaka stendi. Usije ukapotea."

Ukutani, nyuso zilianza kuzimika moja baada ya nyingine. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano. Mama mdogo Atupele alipuliza vidole vyake vilivyovimba, akajishushia miwani usoni bila kuaga, kama mtu anavyoingia kazini. Subilaga akaenda kuichukua barua yake.